Kipindi cha 61: Kura Moja, Kitumbua Kimoja

ZUHURA: Tumerudi. Shem wangu yupo, mimi nipo, na feni linalalamika kama kawaida.

MBWANA: Feni nimelizima tangu saa ile. Hilo ni tumbo lako.

ZUHURA: Tumbo lina haki. Jumapili fainali ya shindano la kuimba kwenye TV imeanza, nina mtoto wangu pale jukwaani, sio wa kuzaa, wa kumpenda tu. Nina bando la meseji, limejaa. Natuma kura ya kwanza, najibiwa huna salio la kutosha. Nikanunua vocha ya elfu tatu, nikatuma kura kumi. Nne zikarudi na ujumbe kwamba upigaji kura umefungwa, asante kwa kushiriki. Naangalia salio: sifuri.

MBWANA: Mia tatu mara kumi. Kitumbua cha pale kituoni ni bei gani?

ZUHURA: Mia tatu.

MBWANA: Basi umekula vitumbua kumi hewa.

ZUHURA: Usianze.

MBWANA: Nimeshaanza. Leo kila kitu tutakipima kwa vitumbua.

ZUHURA: Wasikilizaji, leo tulipanga mambo manne: kura, sauti ya jukwaani, ujanja wa kukatakata picha, halafu mkataba anaosaini mshindi. Tuanze na kura, dakika tano tu, tusonge.

MBWANA: Haya. Kosa lako la kwanza ni bando. Bando ni la meseji za kawaida, mtu kwa mtu. Ile namba fupi ya tarakimu tano ni mlango mwingine kabisa, una bei yake, na unakata kwenye salio la vocha peke yake. Ukiwa na meseji elfu moja za bando na salio sifuri, wewe si mpiga kura.

ZUHURA: Na zile nne zilizochelewa? Nilituma kabla hawajafunga, saa ilikuwa mkononi.

MBWANA: Saa yako haihesabiwi. Meseji ikitoka kwako inaingia kwenye mtambo wa mtandao wako, kutoka pale inakwenda kwa kampuni ya kati inayokusanya kura za mitandao yote, ndipo inaingia kwenye programu inayohesabu. Kinachotazamwa ni saa iliyofika kule mwisho. Mtangazaji akishasema "dakika kumi zimebaki," nchi nzima inashika simu, foleni inajaa. Umetuma saa tatu na dakika hamsini na nane, imefika saa nne na dakika mbili. Kwako ni kura, kwao ni takataka.

ZUHURA: Takataka iliyolipiwa!

MBWANA: Imelipiwa, maana kukata hela kunafanyika mwanzo wa safari na kuhesabu kunafanyika mwisho. Kwa hiyo anayetaka kupiga kura apige mapema, nusu saa ya mwanzo. Na uandike vilevile ilivyo kwenye skrini: neno, nafasi moja, namba. Usitie nukta. Simu hizi za kisasa zina tabia ya kujirekebishia maneno, unaandika jina la mshiriki, yenyewe inakuandikia kitu kingine. Halafu kuna ugonjwa wa herufi O na sifuri.

ZUHURA: Mimi nikiandika O naandika O.

MBWANA: Na mshiriki wako ni namba 0 ngapi?

ZUHURA: ...Endelea.

MBWANA: Tuma moja kwanza, subiri jibu, ndipo utume nyingine. Wewe ulirusha kumi mfululizo kama mtu anayepiga mawe embe. Angalia salio kabla na baada, piga picha ya jibu, uihifadhi. Ukidai bila jibu lile, mtandao utakwambia uulize kipindi, kipindi kitakwambia uulize mtandao. Ukiwa nalo una pa kuanzia, na wakikuzungusha unapanda hadi TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

ZUHURA: Kwa vitumbua vinne?

MBWANA: Kwa vitumbua vinne vyako na vinne vya jirani na vinne vya mtaa. Uingereza haya yalilipuka 2007. Watazamaji wa vipindi vya ITV, ile ya kwao, walikuwa wanapiga simu za kulipia, hela inaliwa, kura haiingii. Mwaka uliofuata Ofcom, wasimamizi wa mawasiliano wa kule, wakawapiga faini ya pauni 5,675,000.

ZUHURA: Kwa vitumbua?

MBWANA: Pauni moja tuseme vitumbua kumi tu, tusigombane na benki. Milioni hamsini na sita na ushee.

ZUHURA: Mtungi wa gesi utaisha.

MBWANA: Na nazi Mafia nzima.

ZUHURA: Tuendelee na sauti, maana muda...

MBWANA: Sauti nina neno fupi, halafu litatugombanisha. Mshiriki akiwa jukwaani ana kile kispika cha sikioni. Ndani yake anasikia bendi na sauti yake mwenyewe, bila kuchelewa. Sasa wengi wakipata woga wanachomoa cha sikio moja, wanataka kusikia watu wanavyoshangilia. Ndipo wanapoharibikiwa. Sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde. Spika ikiwa mita 34 kutoka kwako, unaisikia imechelewa sehemu ya kumi ya sekunde. Sikio moja linakwambia mdundo uko hapa, la pili linakwambia uko nyuma. Ubongo unayumba, mwimbaji anaanza kuburuta. Majaji wanasema "hujafanya mazoezi." Kafanya, ila kasikiliza ukumbi.

ZUHURA: Na wale wanaoshika maikrofoni kichwani kama wanakaba kuku?

MBWANA: Hao wanaifunga. Ukiziba kile kichwa cha wavu, inaanza kunyonya sauti ya kila upande, ikinyonya ya spika inapiga mluzi, na maneno yanakuwa kama yametoka ndani ya pipa. Shika kiwiliwili, vidole viwili kutoka mdomoni. Lakini neno langu ni hili: majaji wanasikia sauti ya ukumbini, kutoka spika za ukumbini. Wewe nyumbani unasikia iliyopikwa kwenye mikisa nyingine, mashine ya kuchanganyia sauti, ile ya kurushia hewani. Fundi wa kule anakupunguzia bendi, anamwongezea mwimbaji mwangwi kidogo. Mwimbaji ni mmoja, sauti ni mbili. Siku jaji anasema "umetoka nje ya ki," yaani nje ya nota za wimbo, na wewe sebuleni unasema jaji ana chuki, inawezekana nyote wawili mmesikia sawasawa.

ZUHURA: Sijawahi kulifikiria hilo. Lakini umenipa mimi ushindi. Wimbo unauzwa kwa nani? Kwa wanaosikia redioni, kwenye simu, kwenye bodaboda. Sauti iliyopikwa ndiyo tutakayoinunua. Kwa hiyo majaji watoe maoni, wanywe maji, wakae kimya. Mshindi aamuliwe na watazamaji peke yao. Wengi wape.

MBWANA: Wengi gani? Wenye salio. Mtu mmoja akituma kura mia moja tunasema ni watu mia?

ZUHURA: Wawekeeni kikomo.

MBWANA: Eurovision, lile shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, wana kikomo. 2025 ilikuwa kura 20 kwa kila njia ya malipo. Kelele zikawa nyingi, kwa 2026 wakashusha hadi 10. Mtu mmoja mwenye kura kumi bado si mtu mmoja. Na tangu 2023 hata wewe wa Tanga ukiwa na kadi ya benki unaweza kupiga kura kule kwa mtandao, kura za dunia iliyobaki zinajumlishwa kama nchi moja.

ZUHURA: Mwaka huohuo 2023, Liverpool, Käärijä wa Finland alipata pointi 376 za watazamaji. Loreen wa Sweden alipata 243. Nani alishinda?

MBWANA: Loreen.

ZUHURA: Kwa nini?

MBWANA: Majaji walimpa 340, Käärijä wakampa 150. Jumla 583 kwa 526. Hesabu iko wazi.

ZUHURA: Wazi kama mchana kwamba watu wachache wamefuta sauti ya umma wa Ulaya. Ukumbi mzima unaimba jina la mmoja, taji linakwenda kwa mwingine.

MBWANA: Ukumbi ulisikia mbwembwe. Majaji wanapewa vigezo: uwezo wa sauti, utunzi, uimbaji wa jukwaani. Mtazamaji hapewi vigezo, anapewa kinanda.

ZUHURA: Kinanda gani?

MBWANA: Kile cha huzuni. Kabla mshiriki hajaimba wanaonyesha nyumba ya udongo, mama anafuta machozi na ncha ya kanga, chini yake kinanda, nota tatu, tii... tii... tuu. Ukisikia kinanda kile ujue kidole chako kinatafutwa.

ZUHURA: Mama akifuta machozi mimi natuma, sitaki kudanganya.

MBWANA: Kitumbua kimoja.

ZUHURA: Viwili, kama kanga ni mpya. Sasa nikuulize. 2022, Eurovision hiyohiyo, nusu fainali ya pili, wenyewe waandaaji wakasema majaji wa nchi sita kura zao zina dalili za kupangwa. Nchi sita, shem! Wakazifuta. Majaji wa nchi moja walikuwa watano tu. Unawapata kwenye meza moja ya chai.

MBWANA: Na kwa sababu walikuwa watano, wakakamatwa. Umma ukichezewa hujui. Korea Kusini, Produce X 101, shindano la TV la kuchagua waimbaji wa kundi jipya, 2019. Waliambiwa ni kura za umma tupu. Kumbe mtayarishaji alikuwa anapanga majina. 2020 akahukumiwa jela miaka miwili.

ZUHURA: Na nani aliyegundua? Mashabiki! Walikaa na matokeo wakaona tofauti ileile ya kura 29,978 inajirudia kati ya washiriki na washiriki. Jaji gani angekaa usiku anatoa kura ya huyu kwenye kura ya yule?

MBWANA: Waligundua baada ya kulipa.

ZUHURA: Walilipa, wakalinda. Wewe unataka tusilipe na tusilinde.

MBWANA: Nataka nusu kwa nusu.

ZUHURA: Nusu kwa nusu ndiyo iliyompa Loreen.

MBWANA: Na alistahili.

ZUHURA: Hapana.

MBWANA: Ndiyo.

ZUHURA: Njoo nyumbani basi, Afrika. Big Brother Africa, kile kipindi cha kufungiana nyumbani, walikuwa na dawa. Kila nchi kura moja. Mshiriki aliyeongoza ndani ya nchi anachukua kura ya nchi hiyo, na nchi zisizo na mshiriki zinakusanywa zinakuwa kura moja. 2014 Idris Sultan wetu wa Tanzania akachukua dola 300,000, Tayo wa Nigeria akawa wa pili. Kabla yake 2007, Mtanzania mwenzake Richard Bezuidenhout, dola 100,000. Ingekuwa kuhesabu vichwa tu, Nigeria ingejichukulia kila mwaka.

MBWANA: Ngoja, ngoja. Rudia.

ZUHURA: Nimesema Nigeria ni wengi...

MBWANA: Kwa hiyo wengi wape, ila Wanaijeria wasipewe!

ZUHURA: Usinipotoshe. Umma ni ule wa kila nchi.

MBWANA: Shem, umeweka chujio, na chujio ndilo mimi naliita jaji. Tofauti yetu ni kwamba lako lina bendera.

ZUHURA: Langu halijui jina la mshiriki, lako linamjua na lina rafiki yake studio. Tazama Tusker Project Fame, lile shindano la kuimba la Afrika Mashariki. Mshindi 2009 Alpha Rwirangira wa Rwanda, 2013 Hope Irakoze wa Burundi, akabeba shilingi milioni 5 za Kenya. Nchi hizo zilishinda kwa wingi wa watu?

MBWANA: Na Tanzania, wakubwa kuliko wote pale, misimu yote sita hatukuchukua hata mmoja. Peter Msechu alikuwa wa pili 2010. Na Bongo Star Search 2009 alikuwa wa pili vilevile, nyuma ya Paschal Cassian. Wewe na wengi wako mlikuwa wapi?

ZUHURA: Tulikuwa na bando, hatuna salio.

MBWANA: Ahaa!

ZUHURA: Lakini nisikilize, hilo halithibitishi kwamba majaji wangempa.

MBWANA: Halithibitishi kwamba wasingempa.

ZUHURA: Basi tumekwama.

MBWANA: Mimi sijakwama, nimekaa.

ZUHURA: Nakusikia, na sikubali. Tuende kwenye picha, kukatakata. Ilikuwa ndiyo sehemu yangu, nimeiandikia karatasi nzima.

MBWANA: Fupisha, yule kijana wa kipindi cha mpira amefika, namwona kwenye kioo anaonyesha saa.

ZUHURA: Nusu dakika. Kwenye vipindi vya kufungiana nyumbani, ukisikia mtu anatukana lakini unaonyeshwa kisogo chake, au uso wa anayesikiliza, shuku. Sentensi inaweza kushonwa kwa vipande vya siku mbili. Angalia mdomo: kama neno zito limesemwa mdomo hauonekani, usimtukane yule mtu mtandaoni. Angalia hereni, kucha, kiwango cha juisi kwenye glasi. Juisi ikipanda yenyewe katikati ya ugomvi, hapo pameshonwa. Sikiliza na nyuma, feni au wadudu wakikatika ghafla...

MBWANA: Feni letu tumelizima, wataanza kutushuku.

ZUHURA: ...na ule mtazamo mbaya wa dharau unaweza kuwa wa saa sita mchana, mtu anaangalia nzi.

MBWANA: Kijana amegonga.

ZUHURA: Na mkataba? Tuliahidi mkataba tangu kipindi cha 58!

MBWANA: Mkataba utabaki kabatini. Kwanza kubali la majaji.

ZUHURA: Sikubali. Na wewe kubali la umma.

MBWANA: Nusu kwa nusu.

ZUHURA: Tunaomba mtupigie kura, kwa namba ya WhatsApp mnayoijua, nani ana haki...

MBWANA: Bure?

ZUHURA: Bure.

MBWANA: Basi wewe umeshashinda, una mabinamu arobaini. Nataka jaji!

ZUHURA: Mpishe kijana akae. Na kituoni leo unanunua wewe.

MBWANA: Vingapi?

ZUHURA: Vinne. Vile vilivyochelewa.