Bima ya Gari Marekani: Nawajibu Leo, Halafu Tuongee Mambo Mengine

Mwangaluka ndugu zangu. Wakubwa shikamooni. Leo siko Houston, Texas, niko nyumbani Mwanza, na hiyo honi mnayoisikia ni ya kivuko kinachokwenda Kamanga. Huyo ndege mwenye upara anayeninyemelea hapa nyuma ni marabu, anataka karanga zangu. Mwacheni.

Nilipanga leo nirekodi video ya sato wa kuchoma, lakini jana usiku nimefungua maoni, swali ni lile lile: "Kaka, nimepata kibali, nikifika Marekani nanunua gari. Bima bei gani?" Chini yake kuna mwingine ameandika: "Ana gari halafu kila siku analia hana hela." Sasa nawajibu wote wawili kwa pamoja, maana mwenye swali la kwanza akishafika kule, miezi sita tu, na yeye ataitwa huyo mwenye gari anayelia hana hela.

Sijisifu. Gari langu ni Corolla ya 2011, mlango wa nyuma kushoto haufunguki kwa ndani, abiria inabidi nishuke nimfungulie kama waziri. Zamu yangu inaanza saa kumi alfajiri, na mtaani kwetu saa hizo hakuna basi. Wala silalamiki. Najua kuna watu vidole vinawawasha kuandika "rudi nyumbani basi". Nimerudi. Wiki tatu, tiketi ya kwenda na kurudi.

Hapa bima ndogo ya gari binafsi ni laki moja, ukiweka na VAT inakuwa 118,000, mwaka mzima. Unampa wakala kadi ya gari, anabonyeza simu, ujumbe unaingia, kwaheri. Haulizwi mtu una miaka mingapi, unalala Nyakato au Capri Point, unadaiwa wapi. Kule wanakupima wewe dereva kuliko wanavyolipima gari. Mtaa unaolala una bei yake, umri una bei yake, na Texas wanaruhusiwa kuangalia hata historia yako ya kukopa na kulipa. California, Massachusetts na Hawaii sheria inawakataza hilo, kwa hiyo wa huko msije mkanibishia, mna maisha yenu.

Sasa mimi. Nimeendesha miaka 14. Hiace ya Igoma miaka sita, halafu Fuso la dagaa kutoka Mwaloni Kirumba. Nimepita na mzigo usiku, mvua, ng'ombe barabarani, sijawahi kugonga hata kuku. Napiga simu kampuni ya kwanza, dada ananiuliza: una leseni ya Marekani kwa muda gani? Nikamwambia sina, ninayo ya Tanzania, miaka 14. Nikasikia anabonyeza kompyuta. Akasema kwa upole kabisa: "Basi hapa naandika sifuri."

Sifuri! Mtoto wa miaka kumi na nane aliyepata leseni mwaka jana ananizidi uzoefu.

Akanitajia dola 389. Nikamshukuru sana, nikajua ni ya miezi sita, maana kule bima nyingi wanakatia kwa miezi sita. Akasema hapana, kwa mwezi. Pigeni wenyewe kwa dola ya leo. Chumba changu wakati ule, tukiwa wanne kwenye nyumba, nilikuwa nachangia 450.

Nikasema nitawaletea ushahidi. Nikampigia mdogo wangu hapa Mwanza, nenda kwa yule wakala wetu, aandike barua kwamba sijawahi kudai bima. Wakala kwanza alitaka ya soda. Sawa. Barua ikaja kwenye simu, mhuri wa bluu umepigwa mara mbili, na imeandikwa hivi: "Ni dereva mwaminifu, mtulivu na mcha Mungu." Basi! Namba ya bima hakuna, tarehe hakuna, Kiingereza hakuna. Kule wakanijibu barua haitambuliki. Sikuwalaumu wale. Mdogo wangu nilimnunia wiki nzima, na soda nilishalipa.

Nimekuja kuelewa baadaye, na hili unayejiandaa kusafiri usikie vizuri: zipo kampuni zinazokubali leseni ya nje, na zipo chache zinazosikiliza historia yako ya huku kama umeileta kwenye karatasi inayosomeka. Ukiwa bado uko hapa, chukua barua rasmi kutoka kwenye kampuni yenyewe ya bima, kwa Kiingereza, iwe na miaka, namba, na kwamba hujadai. Inaweza isikusaidie chochote. Mimi nakwambia beba tu, haina uzito kwenye begi kuliko hao dagaa unaowabeba.

Halafu kuna huu mzunguko. Texas wanakuruhusu kuendeshea leseni yako ya nje siku 90 tangu uhamie. Bima ya bei nafuu inataka leseni ya Texas. Leseni ya Texas, kwa sisi wa Tanzania, ni mtihani wa maswali na wa barabarani. Na wa barabarani unakwenda na gari ambalo tayari lina bima! Mimi gari la mtihani niliazima kwa kijana mmoja wa Tanga tunayefanya naye kazi. Na usidhani leseni unaichukua kirahisi, wanataka karatasi mbili zenye jina lako na anuani yako. Bili ya umeme ilikuwa na jina la mwenzangu, mkataba wa nyumba jina la mwenzangu. Nilikuwa naishi pale kama mzimu.

Nilivyoshuka kutoka 389? Kwanza nilikubali bima ndogo. Nilinunua gari taslimu, kwa hiyo hakuna wa kunilazimisha. Ukichukua la mkopo, mkopeshaji anakulazimisha bima kubwa, hapo ndipo wengi wanaumia: gari linalipiwa, bima inakaribia kulingana nalo. Kiwango cha chini Texas bima yako inalipa wengine: dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, 60,000 kwa ajali nzima, 25,000 kwa mali. La kwako likipondeka, utalia mwenyewe. Pili nikaacha kupiga simu kampuni moja moja, nikaenda kwa wakala anayeuzia kampuni nyingi, akazipanga mezani. Ikatoka 231. Nilipopata leseni ya Texas ikashuka tena. Nikakubali na ile programu ya kwenye simu inayokupeleleza unavyofunga breki. Wiki ya kwanza ilinipa alama mbovu kweli kweli, breki za Hiace ya Igoma hazitoki mwilini haraka.

Leo nalipa 124. Ila ingekuwa chini ya hapo, na hapa ndipo mniwie radhi, nitawataja ndugu.

Mwaka juzi mama mdogo alifariki, Magu. Simu zikaja nane siku moja. Nilituma nilichokuwa nacho, na sijutii, mama mdogo alinilea. Lakini kadi ya benki ilikuwa ndiyo inayokatwa bima, ikakataa, bima ikafa. Siku 11 sikujua, naendesha tu. Kule ukikamatwa bila bima mara ya kwanza faini ni dola 175 mpaka 350. Sikukamatwa. Ila nilipotaka kurudi kwenye bima, pengo la siku 11 likaandikwa, bei ikapanda. Na wiki hiyo hiyo kuna ndugu aliandika kwenye kundi la familia kwamba nimetuma "hela ya maua". Nimeshamsamehe. Ila sijasahau.

Na kuna Mtanzania mwenzetu kule aliniambia tuandikishe gari kwa jina lake na mtaa wake, yeye bima yake rahisi, mimi niendeshe. Wapo wanaofanya hivyo miaka. Siku ya ajali kampuni ikigundua dereva wa kila siku ni mwingine, inaweza kukataa kulipa. Mimi niliogopa. Wewe amua mwenyewe, na hesabu zangu zote hizi ni za mtu mmoja, mtaa mmoja wa Houston. Wa Ohio akikwambia analipa nusu, mwamini.

Ngoja kwanza, simu... Ni mdogo wangu, huyo huyo wa barua. Yuko Buhongwa na IST, trafiki amemsimamisha, ameangalia kwenye simu bima imeisha tangu mwezi uliopita. Anauliza kama ninayo 118,000 na ya faini.

Anasema na ya soda.