Saa Zimekatwa, Ajira Imebaki: Kurzarbeit ya Ujerumani

REHEMA: Karibuni. Leo tuko Ujerumani, kwenye mpango wa Kurzarbeit. Oda zikikauka, mwajiri hapunguzi watu, anapunguza saa, na mfuko wa bima ya ukosefu wa ajira unafidia sehemu ya mshahara uliopotea. Aprili 2020 karibu wafanyakazi milioni 6 walikuwa humo.

JUMA: Tuanze na hesabu, dada Rehema. Wengi hudhani mshahara wote hulipwa na serikali.

REHEMA: Thubutu! Kiwango cha kawaida ni asilimia 60 ya pengo la fedha ya mkononi, yaani mshahara unaobaki baada ya makato, na 67 kwa mwenye mtoto. Fundi alikuwa anaondoka na yuro 2,000, sasa saa zimekatwa na mwajiri anampa 1,000. Pengo ni 1,000, anaongezewa 600. Jumla 1,600. Mwenye mtoto, 1,670.

JUMA: Na si kila kampuni inaruhusiwa.

REHEMA: Angalau theluthi ya wafanyakazi wawe wamepungukiwa zaidi ya asilimia 10 ya mshahara. Wakati wa korona theluthi ilishushwa ikawa asilimia 10 ya wafanyakazi. Saa za ziada walizolimbikiza, kwa kawaida, zitumike kwanza. Kisha makubaliano na baraza la wafanyakazi, au na kila mmoja kama baraza halipo. Ndipo taarifa iende ofisi ya ajira.

JUMA: Na hapo kwenye taarifa ndipo watu huumia.

REHEMA: Sana. Malipo huanzia mwezi ambao taarifa imefika. Ikifika tarehe 2 Mei, Aprili imekupita, hata kama karakana ilikuwa imefungwa mwezi mzima.

JUMA: Kingine, mwajiri ndiye anayetanguliza. Siku ya mshahara analipa kwanza, halafu anadai arudishiwe, na dai lisipite miezi 3. Kampuni isiyo na akiba benki inaweza kuzama huku ina haki ya kulipwa.

REHEMA: Na fedha hiyo si yako moja kwa moja mpaka ikaguliwe, kaka. Mwishoni wakaguzi wanataka daftari la mahudhurio: nani aliingia saa ngapi, akatoka saa ngapi, siku kwa siku. Daftari likiwa na mapengo, unarudisha. Mimi naona kazi kubwa ya mpango huu iko kwa karani wa mishahara kuliko kwa waziri.

JUMA: Mfanyakazi naye ana mtego wake. Ruzuku haikatwi kodi, lakini huhesabiwa wakati wa kupanga kiwango cha kodi ya kipato chake kingine. Akipokea zaidi ya yuro 410 kwa mwaka, lazima awasilishe ritani ya kodi, na wengine hujikuta wanadaiwa.

REHEMA: Halafu kuna wenye vikazi vidogo, wanaoitwa Minijob. Hawachangii bima ya ukosefu wa ajira, kwa hiyo hawaguswi na ruzuku hii.

JUMA: Ndio waliojaa mikahawani. Mwaka 2020 mikahawa ilipofungwa, mwajiri hakuweza kuwapunguzia saa na kufidiwa kwa ruzuku. Wengi waliachishwa tu.