Mzigo Ulishuka Makutano Gani?

MAMA IMANI: Kabla hujasalimia watu, Kioko, wacha niwasomee ujumbe ulioingia kwa simu yangu saa tisa usiku. "Wewe mama ni mwizi. Kesho nakuanika Facebook nzima." Saa tisa usiku, jamani.

KIOKO: Na ulikuwa umeiba?

MAMA IMANI: Sahani kumi na mbili na jagi moja. Hivyo ndivyo alivyoamini yeye.

KIOKO: Haya, hamjambo nyote. Mimi ni Kioko, nauza viatu vya soko la Gikomba hapa Nairobi, na kabla ya viatu nilikaa miaka minne nyuma ya dirisha la mizigo kwenye ofisi ya magari kule River Road. Huyu anayeitwa mwizi usiku ni mwenzangu Mama Imani wa vyombo. Leo ni mambo ya mizigo inayopotea. Mama Imani, tuanzie kwa sahani.

MAMA IMANI: Mteja ni mwalimu, yuko Makutano. Aliona sahani kwa status yangu, akalipa elfu mbili mia nane, na ya gari juu yake. Jumatatu jioni nikafunga boksi langu vizuri, magazeti kati ya kila sahani, nikalipeleka ofisini. Nikaandika jina lake, namba ya simu, "Makutano". Nikapewa risiti. Jumanne kimya. Jumatano kimya. Alhamisi napiga ofisini naambiwa, "Mama, mzigo wako ulitoka." Ijumaa usiku ndio hiyo ya mwizi.

KIOKO: Makutano gani?

MAMA IMANI: Si ndilo hilo! Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujiuliza.

KIOKO: Kuna Makutano ya Meru. Kuna ya Kapenguria. Kuna ile unayokuta ukitoka Thika kuelekea Embu. Machakos pia iko. Barabara mbili zikikutana Kenya hii, mtu anafungua hoteli, mwingine anaweka kibanda cha matunda, na hapo pameshakuwa Makutano.

MAMA IMANI: Mwalimu yuko Meru. Sahani zangu zikaenda kulala Kapenguria.

KIOKO: Na karani aliyezipokea huko akaziweka kwa rafu, akingoja mwenyewe aje.

MAMA IMANI: Lakini si kulikuwa na namba ya simu juu ya boksi? Kwa nini asipige?

KIOKO: Uliandika na nini?

MAMA IMANI: Biro.

KIOKO: Biro kwa boksi la kaki, halafu boksi linapangwa chini ya gunia la viazi. Mama Imani! Mimi nimekaa pale ndani, nakuambia. Mzigo kupotea ukayeyuka kabisa hutokea, lakini si mara nyingi kama watu wanavyodhani. Mara nyingi uko mahali. Uko kwa rafu ya mji mwingine, au umesahaulika chini ya kiti cha nyuma gari likageuza nao Nairobi. Au uko palepale ofisi ya mji wa mteja, siku ya tatu sasa, kwa sababu tarakimu moja ya simu inasomeka saba na ni moja.

MAMA IMANI: Sasa mbona ukipiga simu hamsemi hivyo?

KIOKO: Kwa sababu ya vile mnauliza. Mnapiga mnasema, "Mzigo wangu umefika?" Karani ana watu kumi dirishani, atakujibu "bado" bila hata kugeuza shingo. Nimefanya hivyo mara nyingi, Mungu anisamehe. Lakini mtu akiniuliza, "Risiti namba fulani, Jumatatu jioni, ilipanda gari gani?" hapo nilikuwa lazima nifungue kitabu. Kila gari likitoka kwetu lilikuwa na orodha ya mizigo, dereva anabaki na nakala. Ukishapata namba ya gari unapiga ofisi ya kule linakoshukia, unauliza kama orodha ya gari hilo ilitiwa alama yote. Kama mzigo wako haukutiwa alama, ulishuka njiani. Kama ulitiwa, uko ndani ya ile ofisi na kuna mtu aliyesaini.

MAMA IMANI: Mimi nilienda mwenyewe Jumamosi asubuhi. Sikupiga tena simu.

KIOKO: Afadhali. Mtu aliyesimama dirishani haondoki. Simu hukatika.

MAMA IMANI: Nikasimama hadi saa sita. Kijana akanifungulia kitabu, nikaona "Makutano", na kando yake namba ya gari la Kitale, la upande wa Kapenguria. Nikakaa chini hapohapo kwa gunia la mtu.

KIOKO: Na mwalimu ulimwambia nini?

MAMA IMANI: Hapo ndipo tutagombana mimi na wewe. Nilimrudishia pesa zake siku hiyohiyo. Elfu mbili mia nane na za gari.

KIOKO: Kabla sahani hazijarudi?

MAMA IMANI: Kabla.

KIOKO: Hapana, Mama Imani. Wewe ulishakabidhi mzigo. Hata sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa, ile Sura ya 31, inasema muuzaji akishaupeleka mzigo kwa msafirishaji ili umfikie mnunuzi, kwa kawaida inahesabiwa amemkabidhi mnunuzi. Msipokuwa mmekubaliana vingine.

MAMA IMANI: Soma mpaka mwisho. Si sheria hiyo hiyo inataka muuzaji apatane na msafirishaji kwa njia inayofaa? Mtu ameandika "Makutano" kwa biro, hiyo inafaa?

KIOKO: Hapo umenishika.

MAMA IMANI: Na hata ningekuwa sina kosa. Mwalimu hamjui karani wako wa River Road, ile ofisi hakuichagua yeye, risiti hana. Mimi ndiye mwenye risiti. Nikimwambia "fuatilia nao", nimemtuma vitani bila rungu. Nilimwambia hivi: "Mwalimu, mzigo ulipelekwa Makutano nyingine, kosa lilianzia kwangu, pesa zako hizi, wa kupigana na ofisi ni mimi." Akanyamaza dakika kumi, halafu akaandika, "Pole kwa ile ya usiku."

KIOKO: Lakini si kila mteja ni mwalimu wa Meru. Wacha na mimi niseme yangu. Raba, elfu mbili mia tano, mteja yuko Pipeline, Embakasi. Nikamtuma kijana wa bodaboda. Baada ya saa moja ananiambia, "Nimepeana." Jioni mteja anapiga, anauliza viatu viko wapi. Namrudia kijana: ulimpa nani? "Nilimpa soja wa geti." Ploti ile ina geti mbili. Soja wa mchana alishaondoka zamu, wa usiku hajui kitu, na wa mchana alipokuja kesho yake akaapa hajaona viatu tangu azaliwe.

MAMA IMANI: Na ukimtazama alikuwa amevaa nini miguuni?

KIOKO: Usinichekeshe. Nilitazama! Alikuwa na gambuti.

MAMA IMANI: Kwa hiyo nani alikula viatu?

KIOKO: Mpaka leo. Labda soja, labda bodaboda, labda mteja mwenyewe. Niliangalia kila mmoja machoni nikaona wote wanasema ukweli. Elfu mbili mia tano yangu ikaenda. Ndiyo maana siku hizi nina dawa ndogo: mzigo ukitoka, namtumia mteja tarakimu nne kwa simu yake, simpi bodaboda. Bodaboda akifika, anayepokea lazima amtajie hizo namba, naye bodaboda anipigie anisomee. Namba zikiwa sawa, nasema "peana". Hakuna namba, rudi na mzigo.

MAMA IMANI: Na wenye kusema "mwachie soja, niko kazini"?

KIOKO: Waandike hivyo kwa WhatsApp, kwa maneno yao. Wakishaandika, soja ni mtu wao. Halafu bodaboda apige picha ya mzigo ukiwa mkononi mwa huyo soja, na geti lionekane.

MAMA IMANI: Mimi kwa vyombo shida yangu kubwa kuliko kupotea ni kuvunjika. Mtu anafungua boksi peke yake, anasema vikombe viwili vimekatika masikio. Nitajuaje kama si mtoto aliangusha? Sasa nawaambia: ukifungua, fungua ukijirekodi na simu, kuanzia selotepu bado haijakatwa. Na mimi narekodi nikifunga, nagonga kila kikombe kwa kucha msikie mlio. Chombo chenye ufa hakilii, kinakohoa.

KIOKO: Hiyo ya kukohoa imenifurahisha.

MAMA IMANI: Ni kweli! Muulize yeyote wa soko la Kamukunji.

KIOKO: Turudi kwa risiti, maana hapa watu wanaumia. Mtu analeta simu ya elfu ishirini, karani anauliza "ni nini ndani?" anajibu "nguo", ili alipe kidogo. Simu ikipotea anakuja analia. Nitamlipa simu na kitabu kinasema nguo? Na nyuma ya risiti nyingi kuna maandishi madogo, kwamba mzigo usiotajwa thamani unalipwa kiasi fulani tu. Taja kitu, taja thamani, hakikisha imeandikwa mbele yako, piga picha ya risiti palepale, kwa sababu zile karatasi wino wake unafifia. Ukiiacha juu ya dashibodi wiki moja inakuwa nyeupe kama ya mkate.

MAMA IMANI: Na wakikataa kulipa kabisa?

KIOKO: Andika barua. Si lazima wakili. Tarehe, namba ya risiti, thamani, siku unazowapa. Wapelekee, nakala yako igongwe muhuri. Wengi hapo ndipo wanaanza kuongea. Kama ni kampuni ya vifurushi yenye leseni, walio juu yao ni Mamlaka ya Mawasiliano, unaweza kulalamika huko. Na mwisho wa yote kuna Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016, ile ya Milimani, Nairobi, ikaanza 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kusimama mwenyewe, na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku sitini.

MAMA IMANI: Kwa sahani za elfu mbili mia nane siendi Milimani.

KIOKO: Kwa sahani huendi. Lakini kuna mtu anatuma vipuri vya gari vya laki moja.

MAMA IMANI: Kuna msikilizaji ameuliza kuhusu mteja anayelipa, anachukua mzigo, halafu anajirudishia pesa alizokulipa.

KIOKO: Huyo anachukua ule ujumbe wa M-Pesa anautuma kwa 456, namba ya Safaricom ya kurudishiwa pesa, anasema alikosea namba. Safaricom ikikupigia kuuliza, uwe na mazungumzo yenu, picha ya mzigo, jina la aliyepokea. Na usipeane kitu kwa kuonyeshwa ujumbe kwa simu ya mtu mwingine. Angalia salio lako wewe.

MAMA IMANI: Hiyo ya ujumbe bandia tuliiongelea siku nyingine, sitaki kuirudia.

KIOKO: Haya. Hujatuambia sahani ziliishia wapi.

MAMA IMANI: Zilirudi Nairobi siku ya tisa. Nzima zote, isipokuwa mfuniko wa jagi. Ofisi haikunilipisha kuzirudisha, nilikataa katakata. Nikamwandikia mwalimu, akasema alishanunua nyingine hukohuko Meru mjini.

KIOKO: Sasa umebaki nazo.

MAMA IMANI: Nimebaki nazo wapi? Juzi ameniandikia tena. Anataka chupa ya chai ya lita tatu na vikombe sita. Kabla hata sijauliza anapokaa, ameandika kwa herufi kubwa: MAKUTANO YA MERU.

KIOKO: Na wewe ukaandika na nini?

MAMA IMANI: Maka pen nyeusi, pande zote nne za boksi. Hata chini.