Jora la Bombay na jora la Manchester

Ndugu zangu, tumezoea kuambiwa kwamba Mwingereza aliua ufumaji wa India, basi. Ni nusu ya ukweli. Waliosokota kwa mkono walipigwa vibaya na uzi wa viwanda vya Lancashire, jimbo la Manchester huko Uingereza, lakini mwaka 1854 Cowasji Nanabhai Davar, mfanyabiashara wa Kiparsi (jamii ya Wahindi wenye asili ya Uajemi), alianzisha kampuni ya kusokota na kufuma pale Bombay, Mumbai ya leo. Mitambo ilitoka Uingereza. Mtaji ulikuwa hasa wa wafanyabiashara wa mjini humo. Ahmedabad ikafuata 1861, na 1877 Jamsetji Tata akafungua kiwanda Nagpur, karibu na mashamba ya pamba.

Manchester ikaanza kulalamika: ati ushuru unaotozwa bandarini unavibeba viwanda vya Wahindi! Mwaka 1882 ushuru huo ukafutwa. Mwaka 1894 hazina ya India ikiwa taabani, ukarudishwa, Lancashire ikapiga kelele tena. Uamuzi wa 1896 ndio unaonichekesha kwa hasira: nguo ya nje ilipe asilimia 3.5, na nguo ya viwanda vya India nayo ilipe 3.5 ile ile. Jora lililovuka bahari na jora lililofumwa Bombay kwenyewe, kodi moja. Hata nguo nzito ya maskini, ambayo Lancashire haikuishindania kwa dhati, haikusamehewa. Wafumaji wa mkono peke yao ndio walioachwa. Kodi hiyo ilidumu hadi mwishoni mwa 1925.

Viwanda viliponea wapi? Kwanza China, walikouza uzi mzito, mpaka Mjapani akawapiku. Halafu huku kwetu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata shehena za marekani, ile nguo ya pamba isiyopaushwa, zilizokuwa zikishushwa Unguja kutoka Salem, bandari ya Marekani. Baadaye Bombay ikafuma mfano wake, wateja wa pwani na bara wakaupokea. Na kuanzia 1905, Waingereza walipoligawanya jimbo la Bengal, Wahindi wenyewe wakasusia nguo za Kiingereza.

Afueni ya ushuru ilikuja 1917, na haikutokana na huruma. India ilitakiwa kuchangia Vita Kuu ya Kwanza pauni milioni 100, hivyo ushuru wa nguo za nje ukapandishwa hadi asilimia 7.5, kodi ya ndani ikabaki 3.5. Lancashire ikatuma ujumbe kwa Austen Chamberlain, waziri wa mambo ya India. Safari hii wakarudi mikono mitupu.