Landrova 109 Iliyolala Miaka Mingi: Usiguse Swichi Kwanza

Habari zenu wapendwa, wa Arusha, wa Nakuru, wa Dodoma, wa Bukavu, na wote mnaonitazama kutoka popote. Mimi niko hapa West Midlands, Uingereza, si mbali na Solihull, mji ambako Landrova zilianza kuundwa mwaka 1948. Hii iliyo nyuma yangu ni Landrova ya Series III, ile ndefu, 109, yaani inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, injini ya petroli ya silinda nne, cc 2,286. Imekaa bandani zaidi ya miaka 10. Najua ndugu zake wamejaa huko nyumbani: ya mzee iko chini ya mwembe, ya misheni iko nyuma ya kanisa, ya mradi uliofungwa imeota majani hadi kwenye bampa. Na swali mnaloniuliza ni lilelile: nikitia betri mpya nikapiga stata, itawaka?

Inaweza kuwaka, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Gari likisimama muda mrefu oili yote hushuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kuta za silinda zinabaki kavu. Kila injini inaposimama, kuna valvu zilizobaki wazi, na unyevu unaingia kwa njia ya ekzosi. Pale ringi zilipokaa panaota kutu. Ukipiga stata, ringi zinapita juu ya kutu ile kama juu ya msasa. Na kama valvu imeganda kwenye gaidi yake, rocka, ule mkono mdogo unaofungua valvu, itaisukuma, valvu itakataa, na pushirodi, kile chuma kinachosukuma rocka, itapinda. Gari linaweza kunguruma dakika tano ukashangilia, kumbe umenunua injini nzima. Kwa hiyo betri iacheni ndani ya nyumba.

Tuanze chini. Kabla ya jeki, jambo moja ambalo wengi hawalijui: handibreki ya Landrova hizi haikamati magurudumu. Inakamata shafti ya nyuma, inapotoka kwenye transfa, lile boksi la pili nyuma ya gia boksi. Ukinyanyua gurudumu moja la nyuma, difu inaliacha lizunguke, na gari linaweza kukuteremkia kifuani hata kama handibreki umeivuta mpaka mwisho. Weka mawe au vigogo mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, na usiingie chini bila stendi.

Ukiwa chini, chukua nyundo ndogo. Bodi ni ya aluminiamu, haioti kutu kama bati, kwa hiyo gari hukuonyesha uso mzuri huku chesisi ya chuma imeliwa. Gonga boriti ya nyuma kabisa, gonga mikono inayobeba bodi ubavuni, gonga pale spring zinapofungwa. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa au nyundo inazama. Kama pembe za spring zimeoza, simamisha kazi yote mpaka pamechomelewa.

Sasa injini. Toa plagi zote nne. Kila tundu mimina kijiko kikubwa kimoja, kama mililita 15, cha mchanganyiko wa nusu dizeli na nusu oili ya gia boksi la otomatiki. Acha siku mbili. Wakati unasubiri, fungua chujio la hewa. Landrova hii inatumia chujio la bakuli lenye oili, na humo panya huweka makazi na oili hugeuka tope. Safisha, jaza oili mpya ya injini hadi alama.

Baada ya siku mbili, gia ikiwa huru na plagi zikiwa nje, ingiza hendeli mbele na uzungushe kwa mkono. Dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, usilizungushie hendeli. Zoea hivyo hata leo ambapo injini haiwezi kuirusha hendeli nyuma. Injini inatakiwa izunguke kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho. Ikigoma, usiirukie kwa miguu. Rudi kwenye mafuta yako, ongeza, subiri tena, nyingine huchukua wiki nzima. Kuivuta kwa trekta ikiwa kwenye gia ndiko kunakovunja ringi na kupindisha koni rodi.

Ikizunguka, fungua nati tatu za kifuniko cha juu, mwenzako azungushe hendeli polepole huku wewe ukitazama rocka. Valvu zote nane lazima zishuke na zipande. Ukiona moja imebaki chini, acha kuzungusha, idondoshee mafuta ya kulegeza kutu na uigonge taratibu kwa nyundo ya plastiki hadi irudi. Hapohapo pima tapeti, yaani nafasi kati ya rocka na valvu: fila geji ya milimita 0.25, inteki na ekzosi sawa. Kuna hesabu nzuri sana ya injini hii, jumla ya tisa: namba ya valvu iliyofunguka na ya ile unayorekebisha zikijumlishwa zinatoa tisa. Valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, unarekebisha ya 1. Ya 6 ikifunguka, unarekebisha ya 3. Ya 7 kwa 2, ya 4 kwa 5, na kinyume chake. Huhitaji kitabu wala kutafuta alama.

Oili. Legeza boliti ya sampu kidogo tu kwanza, uiache idondoke. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yamo, yatatoka ya kwanza, na hapo unajua kuna gasketi ya kuchunguza. Oili ikinuka petroli, shuku diaframu ya pampu ya petroli, maana ikipasuka hutiririsha petroli ndani ya injini. Jaza lita 6 za 20W-50 ya madini, na karibu lita 0.85 zaidi kama umebadili filta. Filta hii ni ya kopo lenye kichujio ndani, na ina ringi ya mpira juu. Ile ya zamani hubaki imeng'ang'ania mahali pake. Ukiweka mpya juu yake, oili itamwagika yote chini ndani ya dakika chache. Ichokonoe mpaka uione imetoka. Wapo watakaokuambia ununue oili maalumu yenye zinki nyingi ili kulinda kemshafti. Kwa injini hii msihangaike sana, tapeti zake zina vigurudumu vinavyobingirika juu ya kemshafti badala ya kuisugua.

Petroli ya zamani mwaga yote, ikinuka vanishi hata usiitie kwenye jenereta. Kwenye 109 ya pikapu tangi liko chini ya kiti cha mbele, kwenye stesheni wagoni liko nyuma. Huku Uingereza, tangu Septemba 2021, petroli ya kawaida ina ethanoli hadi asilimia 10, na hiyo huvuta maji na kulainisha mipira ya zamani. Hata isiyo na ethanoli huacha gundi. Badili mipira yote ya petroli bila kuipima kwa macho, kwa sababu hupasuka kuanzia ndani. Pampu ina kikombe cha kioo, kifungue uone uchafu uliotuama. Ina pia kiwiko kidogo cha kupampu kwa mkono, kitakusaidia sana kujaza kabureta bila kuchosha stata. Kabureta ikiwa ni Zenith, ifungue na kuiosha, kisha ulaze kifuniko chake cha juu kwenye kioo cha dirisha. Vifuniko hivi hupinda. Kikiyumba juu ya kioo, kisugue kwa msasa laini uliobandikwa kwenye kioo, na badili kale kapete kadogo ka mpira kalikoko ndani. Landrova nyingi zinazokunywa petroli na kutoa moshi mweusi zikiwa sailensa, yaani zikinguruma bila kukanyagwa mafuta, zina ugonjwa huu, na watu hubadili plagi mwaka mzima.

Umeme nitapita haraka. Tafuta nyaya zilizotafunwa na panya, kwarua ethi ya injini na ya chesisi mpaka chuma king'ae. Kwenye Series III waya hasi wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi. Pointi za distribyuta huota ukungu zikikaa: zisugue, zipe nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40. Plagi 0.75 hadi 0.80. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2.

Rejeta: toa maji chini ya rejeta na pia kwenye koki ya ubavuni mwa injini, upande wa kushoto. Koki hiyo usipoichokonoa kwa waya haitoi kitu, tope limejaa. Mfumo mzima unachukua lita 8.1, nusu maji na nusu kuulanti. Ndugu zangu wa pwani mnasema huko hakuna barafu, kuulanti ya nini? Ni kwa ajili ya dawa ya kuzuia kutu iliyomo ndani yake. Maji ya bomba matupu ndiyo yanayotoboa vifuniko vile vya bati vilivyogongwa ubavuni mwa injini, na vinatobokea kwa ndani, huvioni hadi siku vinapoachia.

Sasa nisikilizeni vizuri, breki. Video nyingi humaliza dakika 20 kwenye injini na mbili kwenye breki. Hapa Uingereza gari lililopita miaka 40 halilazimiki kwenda ukaguzi wa kila mwaka, mradi halikubadilishwa sana, maana yake hakuna atakayetazama breki hizi zaidi ya mwenyewe. Na gari hili ni zito.

Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 230, yakishashiba maji hushuka hadi kama 155, na maji hayo hayo huchimba vishimo ndani ya silinda. 109 ina silinda sita za magurudumu: mbele mbili kila upande, nyuma moja moja. Legeza kwanza adjasta ili breki shuu zirudi, kisha toa skrubu za dramu. Dramu ikigoma, paka mafuta ya kulegeza kutu kwenye shingo ya habu na ugonge kuzunguka, si mahali pamoja. Kwenye kila silinda inua kile kifuniko chake cha mpira cha kuzuia vumbi. Ukiona unyevu, au pistoni haisogei kwa mkono, nunua mpya zote sita. Lainingi zilizolowa oili ya difu hazifai tena, hata ukizichoma moto. Badili pamoja na sili ya habu iliyovujisha.

Mipira ya breki iko mitatu, mmoja kila upande mbele na mmoja katikati nyuma. Nje inaweza kuonekana mizima na ndani imevimba ikawa kama valvu: ukikanyaga mafuta yanapita, ukiachia hayarudi, gurudumu linabaki limekamatwa. Badili.

Wakati wa kutoa upepo, weka kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike chini kabisa. Masta silinda ya zamani ina kutu katika sehemu ambayo pistoni haijawahi kufika, na ukiisukuma huko sili zinachanika. Kisha breki za mbele za 109 zina tabia ya kuficha upepo. Kaza adjasta zote hadi breki shuu zishike dramu, toa upepo ukianzia gurudumu la mbali na masta, ndipo uzilegeze. Pedali itakuwa ngumu bila kupampu.

Klachi hugandiana na flaiwili. Plagi zikiwa nje, ingiza gia ya kwanza, mtu akanyage klachi, zungusha hendeli. Gari likitaka kutembea, tazama kwanza kama silinda ndogo ya klachi inasukuma. Ikisukuma, basi pleti imeganda: kaba pedali kwa mbao ikiwa imekanyagwa, iache usiku mmoja au miwili. Nyingi huachia zenyewe.

Gia boksi na difu: fungua tundu la kujazia kabla ya lile la kumwagia. Likigoma, angalau hujabaki na gia boksi tupu. Gia boksi lita 1.5, transfa 2.5, difu ya mbele 1.75, ya nyuma ikiwa ni aina ya Salisbury 2.5, na kila mpira wa usukani wa mbele, ile duara inayong'aa, nusu lita. Tumia oili ya gia ya EP90 ya daraja la GL-4, kwa sababu ndani ya gia boksi kuna bushi za shaba ambazo baadhi ya GL-5 huzila. Duara zile zikiwa na vishimo vya kutu, sili mpya itachanika ndani ya wiki. Zibua pia vipumulio vya difu, vikiziba joto linasukuma oili nje kupitia sili.

Tairi soma namba nne za mwisho za ule mstari wa ubavuni unaoanza na herufi DOT: 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Iliyopita miaka 10 toa, hata ikiwa na meno yote.

Sasa leteni betri. Plagi bado ziko nje na waya wa koili umechomolewa: piga stata sekunde 10, pumzisha, rudia hadi taa ya oili izime. Ndipo urudishe plagi, upampu petroli kwa kiwiko, na uwashe. Moshi mweupe wa dakika chache ni ile dawa ya kwenye silinda. Taa ya oili isipozima ndani ya sekunde chache, zima wewe. Iache dakika 20 kwenye mzunguko wa juu kidogo ya sailensa, tazama tundu dogo chini ya pampu ya maji, sili yake ikikauka huvujia hapo.

Safari ya kwanza isizidi kilomita 10. Ukirudi, gusa habu zote nne kwa mgongo wa mkono, iliyo ya moto kuliko wenzake breki yake haiachii. Kaza nati za magurudumu tena, kwenye 109 ni kati ya Nm 100 na 115, kipimo cha nguvu ya spana. Ikifika kilomita 500 mwaga oili yote na filta, hata kama bado inaonekana safi, maana oili mpya imeosha uchafu wa miaka yote ile na sasa inauzungusha kwenye beringi.

Mwenye 109 ya dizeli aandike hapo chini, ile nitaifanyia video yake, kwa sababu pampu ya dizeli iliyokaa ni kazi nyingine kabisa.