Kwa Nini Galaksi Hazikutapakaa Ovyo
(Mhadhara uliotolewa Lindi mjini)

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele. Walimu, na ninyi wanafunzi mliobanana kule nyuma, karibuni. Umeme ukikatika katikati ya maneno yangu, tafadhali mtu asihangaike na jenereta. Leo giza lina kazi.

Nianze na ramani. Fikirini mko juu sana usiku, mnaitazama kusini yetu, na kinachoonekana ni taa tu. Mtwara ile pale, inang'aa. Kisha vinukta vyembamba hadi Mingoyo, njia ya Masasi inapochepuka. Kisha Lindi hapa, halafu vinukta tena kwenda Nangurukuru, Somanga, Kibiti. Magharibi ya uzi huo, kuelekea Pori la Akiba la Selous, ni giza tupu, na Liwale peke yake katikati. Hata asiyewahi kufika huku angejua barabara zinapita wapi bila kuonyeshwa.

Galaksi, yaani makundi makubwa mno ya nyota, zimekaa hivyo hivyo. Zimepangana kwenye nyuzi na kuta. Nyuzi zinapokutana pana vishada, yaani mikusanyiko ya galaksi mamia hadi maelfu. Katikati ya nyuzi hizo kuna nyanda tupu, na nyanda hizo ndizo zilizochukua sehemu kubwa ya nafasi yote ya ulimwengu. Kwetu tunaweza kubishana kama barabara ilitangulia au watu walitangulia. Kule juu hakuna aliyechonga barabara, na hilo ndilo la kuelezwa leo.

Kwanza ukubwa. Kishada kikubwa kilicho jirani yetu kiko upande wa kundinyota la Mashuke, umbali wa karibu miaka-nuru milioni 54 (mwaka-nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), na kina galaksi zaidi ya 1,000. Tarakimu hizi hazisemi kitu mpaka uwe na kipimo, na sisi wa Lindi tunacho. Mnaijua Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari hii, ikapakiwa melini, na hadi leo iko Berlin. (Mjadala wa kuirudisha tuuache kwa jioni nyingine, maana hatutalala.) Mnyama yule aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Sasa, mwaka 1981 mwanafalaki Robert Kirshner na wenzake walitangaza kuwa wamekuta uwanda mtupu upande wa kundinyota la Boötes, wenye upana wa takribani miaka-nuru milioni 330. Nuru inayoukatiza kutoka ukingo hadi ukingo inatumia zaidi ya mara mbili ya muda wote uliopita tangu mnyama wa Tendaguru akanyage ardhi hii. Na njiani inakutana na makumi machache tu ya galaksi.

Mtu ataniuliza: mmejuaje kuwa pako patupu, na anga ni kama dari, kila kitu kinaonekana kiko sawasawa? Swali zuri. Ugumu wote uko kwenye kina. Tunachofanya ni kuichambua nuru ya galaksi katika rangi zake. Haidrojeni ina mistari yake maalumu humo, na galaksi inapotuacha mistari hiyo husogea upande wa rangi nyekundu. Mwanafalaki Edwin Hubble alionyesha mwaka 1929 kwamba galaksi kadiri ilivyo mbali ndivyo inavyotuacha kwa kasi zaidi, maana ulimwengu wenyewe unatanuka. Basi ukipima kasi, umepata umbali.

Kazi hiyo ilikuwa ya kuchosha, galaksi moja moja. Mwaka 1986 Valérie de Lapparent, Margaret Geller na John Huchra walitoa ramani ya galaksi kama 1,100 katika ukanda mwembamba wa anga. Wengi walitarajia ukungu wa nukta. Wakaona duara tupu baada ya duara tupu, galaksi zimebaki kwenye kingo, na katikati ya karatasi umbo la mtu wa vijiti, mikono kaitanua.

Kiwiliwili cha mtu huyo ni kishada cha Coma. Kitazameni vizuri mkikiona: kimerefuka, na kimeelekea moja kwa moja kwetu. Vishada vingine navyo ni hivyo hivyo, vyote vimetunyooshea vidole. Ramani yoyote inayokuonyesha wewe kuwa ndiye kitovu, itilie shaka. Sababu ni kwamba ndani ya kishada galaksi zinakwenda huku na huko kwa kasi ya kama kilomita 1,000 kwa sekunde. Nyingine zinatujia, nyingine zinatuacha, na sisi tunaisoma kasi hiyo kana kwamba ni umbali. Kishada chenyewe hakikurefuka. Kipimo chetu ndicho kilichokivuta. Wataalamu wanaviita Vidole vya Mungu, jina nisilolipenda, lakini limeshazoeleka.

Kasi hizo hizo ndizo zilizomshangaza mwanafalaki Fritz Zwicky mwaka 1933. Kwa uzito wa nyota zinazoonekana, Coma ingepaswa kusambaratika zamani. Akasema lazima pana maada isiyoonekana. Leo tunaiita maada giza, na inakadiriwa kuwa kama mara tano ya maada ya kawaida.

Hiyo ndiyo iliyochonga barabara. Ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka kama 380,000 ulikuwa karibu sawa kila mahali. Tofauti zake zilikuwa kama sehemu moja katika 100,000. Penye uzito kidogo zaidi pakavuta jirani, pakazidi kuwa pazito, pakavuta tena. Penye upungufu pakanyang'anywa hata kile kidogo. Mwanafizikia Yakov Zeldovich alieleza mwaka 1970 kwamba wingu la maada halisinyai sawa pande zote: hubanwa kwanza upande mmoja likawa ukuta. Ukuta ukibanwa tena unakuwa uzi, na nyuzi humiminika kwenye vishada. Umri wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8, unatosha kwa kazi hiyo.

Mwezi wa Julai, saa tatu usiku, mbingu ikiwa kavu, tazameni kusini, kati ya mkia wa Nge na zile nyota mbili zinazoelekeza kwenye Salibu. Hapo Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota za galaksi yetu, ni nene kweli. Nyuma ya vumbi lake kipo kishada cha Norma, miaka-nuru kama milioni 220, na galaksi yetu pamoja na majirani zake inavutwa kuelekea upande huo. Kwa macho hamtakiona. Lakini wenzetu wengi wa kaskazini ya mbali, hata sehemu hiyo ya anga haiwachomozei.

Mzee amenyoosha mkono. Anauliza: huko patupu, pana nini hasa?

Mzee wangu, si patupu kabisa. Pana gesi nyembamba, maada giza kidogo, na galaksi chache, nyingi ndogo. Ila faida yake ni hii: kwa kuwa uzito ni haba, kule kutanuka kwa ulimwengu hakuna kinachokuzuia sana. Darubini ya angani ya Euclid, iliyorushwa Julai 2023, inasaidia kuzipima nyanda hizi tupu. Uwanda mmoja mmoja una umbo lake, mwingine umepinda, mwingine umebonyea. Lakini ukikusanya maelfu na kutafuta wastani, sharti utoke mviringo, maana hakuna upande wenye upendeleo. Ukitoka bapa hata baada ya kuondoa athari ya zile kasi nilizozitaja, basi hesabu yetu ya umbali ina kasoro, na pengine pia tunachodhani kuhusu nishati giza, yaani kile kisichojulikana kinachouharakisha ulimwengu kutanuka.