Manowari na Meli za Abiria: Viwanda vya Mto Clyde kati ya Vita Viwili vya Dunia

Mabibi na mabwana, wanafunzi na wageni wetu, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie uundaji wa meli kati ya mwaka 1919 na 1939. Tumezoea kuziweka manowari katika historia ya vita na meli za abiria katika historia ya safari na starehe, lakini katika kipindi hiki vyombo hivyo viliundwa kando ya mto mmoja, mara nyingi ndani ya kiwanda kimoja, kwa mikono ya mafundi wale wale. Hoja yangu ni kwamba huwezi kuelewa kwa nini zile meli kubwa za abiria ziliundwa bila kujua yaliyozipata manowari.

Nitakitazama zaidi kiwanda cha John Brown cha Clydebank, karibu na Glasgow, Scotland. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia hapo ndipo zilipoundwa Lusitania na Aquitania, meli za abiria, na wakati wa vita zikaundwa Repulse, iliyoshuliwa, yaani kuteremshwa majini, mwaka 1916, na Hood, iliyoshuliwa Agosti 1918. Manowari hizo mbili zilifika hata kwetu: Januari 1924 zilitia nanga Zanzibar zikiwa katika ziara ya kuzunguka dunia, na waliozitazama kutoka Forodhani waliona kazi ya Clydebank kwa macho yao.

Wakati huo, hata hivyo, Clydebank yenyewe ilikuwa na njaa ya kazi. Tarehe 6 Februari 1922 mataifa matano, yaani Uingereza, Marekani, Japani, Ufaransa na Italia, yalitia saini Mkataba wa Washington, uliosimamisha kwa miaka 10 uundaji wa manowari kubwa mpya isipokuwa chache zilizotajwa, na kuweka kikomo cha tani 35,000 kwa kila moja. Oktoba 1921 Uingereza ilikuwa imeagiza manowari nne kubwa kupita zote ilizokuwa nazo, na John Brown kilikuwa mojawapo ya viwanda vinne vilivyopewa kazi hiyo. Mwezi uliofuata viliamriwa visimame, na baada ya mkataba agizo likafutwa. Mkataba wa London wa 1930 ukaongeza muda wa katazo hadi mwaka 1936.

Naomba tukae kidogo hapa, kwa sababu mkataba uliookoa fedha za serikali uliacha swali zito kwa waunda meli. Bamba za chuma za meli za wakati ule ziliunganishwa kwa ribiti, yaani misumari minene ya chuma, na ribiti ilihitaji kikosi kizima: kijana wa kuipasha katika tanuri mpaka iwe nyekundu, wa kuipokea na kuitia tunduni, wa kuikaza kutoka upande wa pili kwa nyundo nzito, na wapigaji wa kuiponda kichwa kabla haijapoa. Ikipoa husinyaa na kuzivuta bamba zishikamane. Meli moja kubwa ilitumia mamilioni ya ribiti, na kikosi kilichozoeana ndicho kilichofanya kazi isiyovuja. Ujuzi wa namna hiyo hukaa mikononi, nao hupotea mafundi wakitawanyika. Serikali iliyotaka kuwa na manowari mwaka 1937 ilihitaji mafundi hao wawe hai, wawe karibu, na wawe kazini mwaka 1930.

Meli za abiria nazo zilikuwa na shida yake. Sheria za uhamiaji za Marekani za 1921 na 1924 ziliwapunguza mno wahamiaji maskini wa Ulaya, ambao nauli zao ndizo zilizokuwa zimezilisha kampuni za Atlantiki. Hata hivyo ushindani haukupoa, kwa sababu mataifa yenyewe yalikuwa yameingia ndani yake. Ujerumani, iliyofungwa mikono katika manowari na Mkataba wa Versailles uliofuata kushindwa kwake vitani, ilishua Bremen na Europa Agosti 1928, na mwaka uliofuata Bremen ikaipokonya Mauretania ya Uingereza rekodi ya mwendo wa kuvuka Atlantiki iliyokuwa nayo kwa miaka 20. Italia ikaichukua mwaka 1933 kwa Rex. Ufaransa ikaunda Normandie huko Saint-Nazaire, na umbo lake la ajabu lilibuniwa na Vladimir Yourkevitch, Mrusi aliyekuwa amesanifu manowari za mfalme wa Urusi kabla ya mapinduzi, kisha akawa mkimbizi na kibarua katika kiwanda cha magari. Maarifa yaliyotafutwa kwa ajili ya mizinga yalikuja kubeba abiria, na kwangu mimi hakuna mfano ulio wazi kuliko huo.

Clydebank ilipata kazi yake mwaka 1930, Cunard, kampuni ya Uingereza ya meli za abiria, ilipoagiza meli iliyojulikana kwa muda mrefu kwa namba tu, 534. Mdororo wa uchumi ukaikuta bado juu ya chelezo, jukwaa la kuundia meli. Tarehe 11 Desemba 1931 kazi ilisimamishwa, maelfu ya wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, na kwa zaidi ya miezi 27 mifupa ile ya chuma ilisimama juu ya mji uliokuwa umekosa ujira, huku mbunge wao, David Kirkwood, akiipigia kelele serikali bungeni. Hatimaye, mwaka 1934, serikali ilikubali kutoa mkopo wa hadi pauni milioni 9.5, sehemu yake ikiwa ya meli ya pili, kwa sharti kwamba Cunard iungane na mshindani wake, kampuni ya White Star. Mafundi walirudi tarehe 3 Aprili, na tarehe 26 Septemba meli ilishuliwa ikiitwa Queen Mary, ikizuiwa na zaidi ya tani 2,000 za minyororo ili isipande ukingo wa ng'ambo, pale mto Cart unapoingia Clyde.

Haki inatudai tuitaje pia Jarrow, mji wa waunda meli kaskazini mashariki mwa Uingereza. Mwaka 1930 waunda meli wa Uingereza walianzisha kampuni ya kununua viwanda vya wenzao na kuvifunga ili kazi iliyobaki iwatoshe wachache. Kiwanda cha Palmers, kilichoulisha mji wa Jarrow, kilinunuliwa na kufungwa, pamoja na sharti kwamba meli isiundwe tena pale kwa miaka 40. Oktoba 1936 wanaume 200 walitembea kutoka Jarrow hadi London, zaidi ya kilomita 450, kuomba kazi, nao hawakupewa. Mwaka huo huo Queen Mary ilikuwa tayari inasafiri, na katazo la manowari lilikuwa linakwisha. Mimi naiona hiyo kuwa dhuluma: ujuzi uliolindwa Clydebank kwa fedha za umma ulitupwa Jarrow katika kipindi kile kile.

Clydebank ikarudi kuwa vile ilivyokuwa. Desemba 1936 uliwekwa mkuku, yaani uti wa chini, wa meli ya abiria Queen Elizabeth, na Mei 1937 wa manowari Duke of York, vyombo viwili vya kazi tofauti vikikua katika kiwanda kimoja.

Jirani yao, kiwanda cha Alexander Stephen cha Linthouse, Glasgow, kiliunda meli ya abiria Kenya mwaka 1930 kwa njia ya Bombay, Mombasa na Durban. Agosti 1939 kiwanda hicho hicho kilishua manowari iliyoitwa pia Kenya. Vita vilipoifanya meli ya abiria iwe ya kubeba askari wa kushuka pwani, ililazimika kuiachia manowari jina lake. Ikaitwa Keren, na kwa jina hilo ikashiriki kuivamia Madagascar mwaka 1942. Baada ya vita haikurudi Mombasa. Iliuzwa, ikafanyiwa matengenezo makubwa, na ikawapeleka wahamiaji wa Ulaya Australia kwa jina la Castel Felice mpaka ilipovunjwa mwaka 1970.